Tanga la Watu Wawili

Wiki iliyopita Mama Rukia alinitolea siri mbele ya sinia la wali. Tulikuwa tumekusanyika kwake Baghdadiyah, hapa Jeddah, wanawe wawili wamekuja kutoka Maskati na wajukuu waliokuwa wakigombania ukoko, na yeye, kama ilivyo desturi yake akishashiba, alikuwa akitutania mmoja mmoja kwa zamu. Zamu yangu ilipofika akanielekezea kijiko. "Huyu mnayemuona anamchambulia mumewe miiba ya samaki," akasema, "alipoolewa aliniomba nimpe mwaka mmoja. Akishindwa kumpenda, arudi zake." Watu wakaangua kicheko. Mimi nikainamia sahani, maana ile ilikuwa siri ya wanawake wawili wa jikoni, na nilikuwa nimeificha miaka yote tuliyoishi pamoja. Haroub hakucheka wala hakukasirika. Aliendelea kutafuna polepole, kama anavyotafuna kila kitu tangu nimjue, kisha akaomba apitishiwe ndimu.

Sebule ni ile ile. Mapazia yamebadilishwa na ukuta umepakwa rangi ya maziwa, lakini dirisha bado linatazama kibaraza cha muuza vitambaa, na chini yake bado ipo alama ya miguu ya cherehani yangu kwenye vigae. Hapo ndipo nilipokaa mwaka ule, nikiwashonea mabibi wa mtaani nguo za harusi, wakati mume wangu yupo Riyadh anasimamia upakiaji katika ghala moja la mtaa wa Al-Sulay. Hakuwa na nyumba ya kuniweka. Alikuwa na chumba kimoja tu juu ya ghala. Kwa hiyo nikabaki Jeddah kwa ami yangu, Ami Nassor, na mkewe Mama Rukia, na Haroub akawa anakuja kwa basi kila baada ya wiki mbili. Siku hizo mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Alifika Alhamisi asubuhi macho mekundu, akasalimia watu wazima shikamoo, akaoga, akakaa. Kukaa ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mwanamme mrefu, msafi, mwenye mikono mikubwa, na kinywa kilichofungwa kama duka wakati wa sala.

Alhamisi ya kwanza baada ya fungate nilimfuata Mama Rukia jikoni alikokuwa akikaanga sambusa, nikafunga mlango nusu. "Hana maneno," nikamwambia. Akageuza sambusa. "Anasali, anafanya kazi, hanuki sigara. Maneno unayatakia nini?" Nikamwambia nataka mtu wa kucheka naye, na huyu sijamuona akicheka hata siku ya harusi, hata ami alipoanguka na kiti. "Nipe mwaka mmoja, Mama Rukia. Mwaka ukiisha na bado naona nimeolewa na kabati, narudi kwetu." Nilijua hana mchezo katika mambo ya ndoa, nikadhani atanifukuza na mwiko. Badala yake akasema, "Haya. Mwaka mmoja, lakini ujaribu kweli. Ukishindwa, mbele ya ami yako nitasimama mimi." Punde Haroub akaingia viatu mkononi, akauliza kama kuna chai. Nikamimina chai. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na nilimimina chai ile nikimuonea huruma.

Ami Nassor, Mungu amrehemu, ndiye aliyetupeleka baharini, na wala si kwa hekima yoyote. Alikuwa amechoka kutuona tumekaa sebuleni. Alikuwa na jahazi dogo la plastiki, la mlingoti mmoja, alilonunua kwa mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akihama. Aliliegesha Obhur, kwenye ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kaskazini ya mji. Zamani walikwenda nalo yeye na wanawe, lakini wanawe walishahamia Maskati na goti lake lilishakataa kupanda na kushuka. "Chombo hiki kinataka watu wanne," alituambia siku ya kwanza, ameketi gatini juu ya kiti chake cha kukunja, birika la gahawa miguuni. "Nyinyi mko wawili. Basi kila mmoja atafanya kazi ya watu wawili, na mtasemezana mpende msipende." Akanifundisha mimi usukani kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza maswali. Haroub akapewa kamba. Kamba alizijua, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake huko ghalani, kufunga mizigo ya malori isitikisike hadi bandarini Jeddah.

Askari wa pwani aliyekagua karatasi zetu hapo gatini hakuzoea kuona mke na mume peke yao. Alitazama ikama zetu, vile vibali vya ukaazi, akachungulia ndani ya chombo kama kuna wengine wamejificha, akauliza, "Itnein bas?" Wawili tu? "Itnein bas," akajibu Haroub, na mimi nikaona hayo ndiyo maneno mengi aliyoyasema tangu asubuhi. Lakini Ami Nassor alisema kweli. Ukiwa chomboni na mtu mmoja tu, huwezi kunyamaza. Kabla ya kugeuza, mwenye usukani lazima aulize "Tayari?" na mwenye kamba ajibu. Nikawa nauliza mara nyingi kuliko inavyohitajika, kwa raha ya kusikia sauti yake. "Tayari?" "Bado." "Tayari?" "Haya." Maneno mawili, matatu, nikayapokea kama mwenye njaa. Nilirudi mjini nimeungua pua, na nikamwambia Mama Rukia kuwa kabati limeanza kutoa mlio.

Kwenye shimo la mbele la chombo kulikuwa na mfuko ambao wana wa Ami hawakuwahi kuufungua. Walisema ndani yake mna tanga la fujo, linalotaka jeshi la watu. Nikauchukua nyumbani, nikaufungua sebuleni siku moja baada ya chakula cha mchana. Loo! Kitambaa kilitoka, kikatoka, kikatoka tena. Chepesi kuliko hariri, chekundu na cha njano, kikajaza sebule, kikapanda juu ya makochi, kikafunika sahani za mabaki ya wali wa samaki na Ami Nassor aliyekuwa amejinyoosha kulala. Lilikuwa tanga kubwa kuliko mengine yote mawili ya chombo yakiunganishwa, na halikuwa sawa pande zote. Upande mmoja ukingo wake mrefu, wa kufungwa kwenye pua ya chombo, upande wa pili mfupi na wenye tumbo. Linafaa pale upepo unapotoka nyuma au ubavuni kwa nyuma, na hapo linavimba kama puto, na Puto ndilo jina tulilolipa. Pamoja nalo ulikuwamo mfuko mrefu mwembamba kama soksi, wenye kamba ya kuupandisha na kuushusha. Tanga linalala ndani ya soksi. Ukipandisha soksi, tanga linafunguka. Ukiishusha, linamezwa tena. Hapo nikafahamu kuwa yule Mzungu naye alikuwa akisafiri na mkewe tu. Soksi ndiyo iliyokuwa jeshi lake.

Soksi hiyo panya walikuwa wameila. Nikakaa nayo wiki nzima kwenye cherehani, nikaiwekea vipande vya bitana ya gauni la bibi harusi mmoja wa mtaa wa pili, rangi ya waridi, maana ndicho kitambaa chepesi nilichokuwa nacho. Nikiwa chini ya mawimbi ya tanga lile, sindano kinywani, niliwasikia Ami Nassor na Mama Rukia wakizungumza kama vile sipo. "Huyu mtoto anashona soksi kwa moyo kuliko alivyoshona shela lake," Mama Rukia akasema. "Muache," akasema Ami. "Na yule mwenzake, ujue, hawezi kuogelea." Mama Rukia akashtuka. Nami nikashtuka, sindano ikanidunga mdomo. "Ameniambia mwenyewe," Ami akaendelea. "Nikamuuliza, basi mbona unakwenda? Akasema, Zuwena anapenda." Nikabaki chini ya kitambaa kile chekundu, siwezi kutoka, uso unawaka.

Msijidanganye kuwa baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji. Mara ya kwanza tulipopandisha Puto lilijisokota katikati likawa mfano wa peremende kubwa. Mara ya pili lilianguka baharini, tukalivua badala ya samaki, na familia zilizokuwa ufukweni zikatupigia makofi. Tukajifunza taratibu, kwa makosa. Kila kitu kitayarishwe kabla: kamba zote zipitishwe nje ya kila kitu, soksi isiwe imepinda. Mimi nageuza chombo hadi upepo utoke nyuma, tanga kuu likifanya kivuli. Haroub anakwenda mbele kwa magoti, anavuta soksi yenye tanga hadi juu ya mlingoti, anafunga. Kisha anapandisha soksi, Puto linapumua mara moja, mbili, linafunguka, na yeye anarudi mbio kushika demani, yaani ile kamba ya nyuma inayolizuia tanga, ipo moja kila upande, ikipita kwenye kapi, kigurudumu chake. Analegeza hadi ukingo wa tanga uanze kujikunja, anavuta kidogo, analegeza tena. Na kushusha ni kinyume chake: naelekea mbali zaidi na upepo, tanga kuu linalizibia Puto pumzi, Haroub analegeza demani, anavuta soksi chini. Ami Nassor alitusisitizia jambo moja. "Mkielemewa, achieni demani yote. Tanga litapepea kama bendera, halitakuwa na nguvu. Chombo kitasimama chenyewe."

Katikati ya mwaka nilikwenda Riyadh nikakaa naye mwezi mmoja, katika chumba chake cha juu ya ghala. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la gesi la moto mmoja, na dirisha lililoingiza vumbi hata likifungwa. Mchana nilipika, jioni tulikula sakafuni juu ya gazeti, ful ya maharage na mkate wa tamis wa moto, na yeye akinyamaza kama kawaida yake. Nilihisi mwaka unanikimbia na mizani bado haijalala upande wowote. Lakini dirisha lile lilikuwa juu ya uwanja wa kupakilia, na Haroub aliyekuwa chini hakuwa Haroub wa mezani. Alikuwa na dereva mmoja wa Kenya, Mutua, mtu wa mzaha usiokwisha. "Haroub, bana, hii mzigo imekazwa sawa, niachilie niende. Port wananingoja." "Bado. Ncha ile haina fundo." "Aki wewe! Fundo moja tu?" "Hiyo moja ndiyo itakayochomoka. Kamba isiyo na fundo mwishoni ni uzi." Mutua akapanda kufunga, akinung'unika. "Na lunch time wewe ndio huyo unavuta gunia juu na chini kwa dari, ati mazoezi ya tanga. Watu wanasema jua limekuingia." Kisha nikamsikia akiuliza, anacheka, "Na bibi yako je? Yeye pia umemfunga fundo?" Nikaacha kuosha vyombo. "Yule hafungiki," akasema Haroub. "Yule namuangalia tu." Sikujua kama ni lawama au ni sifa. Nililala nalo neno lile nikalipindua kama samaki kwenye kikaango, na asubuhi bado sikuwa nimejua.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuja karibu na mwisho wa mwaka. Tulikwenda kaskazini tukipambana na upepo wa alasiri, tukapiga bisho mara nyingi, tukikata upande huu na upande ule, tukapita mbali na matumbawe, na tulipofika tulipotaka nikageuza omo, pua ya chombo, kuelekea nyumbani. Upepo ulikuwa nyuma yetu, mzuri, umejaa. "Tayari?" "Tayari." Puto likafunguka kwa mpigo mmoja, jekundu na la njano, na soksi yangu ya waridi imejikunja juu ya mlingoti kama kilemba. Chombo kikaruka. Sina namna nyingine ya kusema. Maji yalipiga kelele pembeni, usukani ukawa hai mikononi mwangu, na mimi nikapiga kigelegele baharini, cha harusi kabisa, kwa sababu sikuwa na la kufanya na furaha ile. Nikamtazama Haroub. Alikuwa ameshika demani kwa mikono miwili, macho kwenye ukingo wa tanga, midomo imebanwa.

Upepo uliongezeka ghafla, bila taarifa. Chombo kikalala upande, maji yakaingia miguuni, na usukani ukawa mtupu, haushiki kitu. Mbele yetu, upande tuliokuwa tukisukumwa, nikaona maji yamebadilika rangi, ya kijani nyepesi, na nilijua maana yake: matumbawe. "Achia!" nikapiga kelele. "Achia yote!" Akaachia mara moja. Demani ikakimbia kwenye kapi ikilia, nikaona tanga linaanza kupepea, nikavuta pumzi, na hapo kitu kikagonga, ta! Kamba ikasimama. Puto likajaza tumbo tena. Nilipotazama nikaliona: fundo. Fundo kubwa, la kilori, la Al-Sulay, limekwama kwenye kapi. Zile kamba za Mzungu zilikuja na ncha tupu, zimechomwa moto tu zisifumuke, na mimi nilidhani ni uvivu wake, kumbe ziliachwa hivyo ili zikiachiwa zitoke zote. Asubuhi ile Haroub alizifunga ncha zote mbili kwa ustadi wake wote. Na yule asiyejua kuogelea alikuwa sasa akining'inia upande wa juu, akivuta lile fundo kwa kucha.

Nilikuwa na mkasi. Tangu nianze kushona soksi sikutoka bila kimfuko changu cha shingoni, uzi, sindano na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Nikamrushia. "Kata!" Aliushika, akaitazama kamba ile, na nadhani maishani mwake hajawahi kukata kamba nzima, ghalani kukata kamba ni aibu. "Haroub, kata!" Akakata. Ilichukua muda, mkasi ni mdogo, lakini uzi mmoja ulipobaki ukakatika wenyewe, na demani ikaruka nje ya kapi na Puto likaenda mbele likipepea, kelele kubwa, bila nguvu yoyote. Chombo kikainuka. Usukani ukashika. Nikageuka taratibu tukayaacha yale maji ya kijani ubavuni, karibu kiasi cha kuona mawe yake, na Haroub akaenda mbele kwa magoti akavuta soksi chini hadi Puto lote likamezwa.

Akarudi akakaa chini kwenye maji yaliyoingia, miguu ameinyoosha, kile kipande cha kamba chenye fundo mkononi. Alikitazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikataka kuacha usukani. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akalala ubavu, kicheko cha ajabu, chembamba, cha mtu mfupi mwenye furaha, si cha mtu mrefu kama yeye, na mimi nikaanza kukicheka kile kicheko chenyewe. Tulicheka hadi mbavu zikatuuma. Alipopata pumzi akafuta macho na kusema neno ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyenusurika muda mfupi uliopita. "Tena?" Kamba ilikuwa imepungua shubiri moja tu. Akafungua fundo la upande wa pili, upepo ukatulia, tukalipandisha Puto mara ya pili, na tukaingia Obhur tunaimba nyimbo za unyago alizonifundisha Mama Rukia, ambazo Haroub, mwanamme, hakutakiwa kuzijua na alizijua zote. Ami Nassor gatini alisimama kwa goti lake bovu akatupungia birika.

Mwaka ulipotimia, Mama Rukia aliniita jikoni. Sambusa zilikuwa kwenye mafuta, mlango nusu, vile vile. "Haya," akasema kwa sauti ya chini, "mwaka wako umeisha. Unabaki au nikaseme na ami yako?" Nikamuuliza, "Mwaka gani?" Akanipiga na kitambaa cha vyombo, na tangu siku ile hakulitaja tena, hadi wiki iliyopita mbele ya sinia.

Tuliondoka kwake baada ya alasiri. Haroub aliendesha gari kwa kupitia Corniche, barabara ya ufukweni, ingawa si njia yetu, na mimi nilikuwa nikipanga maneno ya kumuelezea. Nilipofungua kinywa akanitangulia. "Nilijua," akasema. Nikamuuliza alijua nini. "Ule mwaka. Nilikuwa ukumbini siku ile, navua viatu. Mlango mliufunga nusu." Nikahisi uso unawaka kama siku ya chini ya tanga. Miaka yote hii! Nikamuuliza kwa nini hakusema neno.

"Ningesema nini? Ulisema unataka mtu wa kucheka naye, mimi sikujua kuchekesha. Nilijua kamba." Akapunguza mwendo, gari moja ikatupita. "Zuwena, wewe ulidhani kwa nini asubuhi ile nilifunga yale mafundo? Ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Nilikuwa nafunga kila kitu ninachoweza kufunga."